Baiskeli ya Kulalia: Je, Gamba la Upepo Lina Faida?

Francis Faure hakuwa nyota wa mbio za baiskeli nchini Ufaransa. Alikuwa mwendeshaji wa daraja la pili, na waliomzidi kasi walikuwa wengi. Hata hivyo, Julai 7, 1933, jijini Paris, alizunguka uwanja kwa saa nzima akakata kilomita 45.055, akaivunja rekodi ya Mswisi Oscar Egg ya kilomita 44.247 iliyokuwa imedumu tangu 1914. Faure alikuwa amelala chali, miguu mbele, juu ya Vélocar, baiskeli iliyobuniwa na Charles Mochet. Mwaka uliofuata UCI, chombo kinachosimamia mbio za baiskeli duniani, kiliamua kwamba kitu kile hakistahili kuitwa baiskeli ya mashindano, na msimamo huo haujabadilika.

Kisa hicho husimuliwa sana na wapenzi wa baiskeli za kulalia, kwa uchungu kama vile uamuzi umetolewa juzi. Kinachosimuliwa kwa nadra ni kilichofuata. Machi 1939 Faure yuleyule, akiwa ameongezeka umri kwa karibu miaka sita, alirudi uwanjani na Vélocar iliyofunikwa gamba la kupunguza ukinzani wa hewa. Saa ilipokwisha alikuwa amekata kilomita 50.537.

Mtu ni yuleyule, aina ya baiskeli ni ileile, na zimeongezeka kilomita tano na nusu. Ukiishia hapo, utadhani kila mwenye baiskeli ya kulalia ana wajibu wa kuivisha gamba. Lakini Faure alikuwa uwanjani. Hakukutana na kilima, taa za barabarani wala lori la kumpita ubavuni. Na gamba lake si lile ambalo wengi hulinunua leo.

Kinachouzwa zaidi, hasa Marekani, ni ngao ya mbele: kipande cha plastiki ngumu inayopitisha mwanga, kilichokunjwa na kufungwa mbele ya miguu ya mwendeshaji. Wengine huongezea kitambaa cha kuvutika kinachounganisha ngao hiyo na sehemu ya nyuma, mwendeshaji akabaki kichwa nje. Wako wanaoiacha mbele wazi na kufunga mkia mgumu nyuma ya kiti, ambao pia ni sanduku la mizigo. Mwisho kabisa kuna gamba zima, linalomfunika mtu na baiskeli yake pamoja.

Anayeanza hudhani kazi kubwa iko mbele, kwa sababu ndiko upepo unakotokea. Kumbe hewa huiba nguvu zaidi nyuma, pale inaposhindwa kujifunga taratibu baada ya kupita mwili na badala yake ikavurugika na kuuvuta mwili kinyumenyume. Mtazame jodari: kichwa chake ni butu kiasi, lakini mwili unapungua polepole hadi mkiani. Ngao ya mbele isiyo na chochote nyuma yake ni kichwa cha jodari kilichokatwa. Husaidia kidogo, hasa kwenye baiskeli ndefu ambazo mwendeshaji huketi karibu wima. Kwenye zile za chini, ambazo mtu amekwisha kulala na miguu yake inatangulia kuikata hewa, nafuu yake ni ndogo kuliko bei yake.

Tupige hesabu. Chukua mtu na baiskeli yake ya kulalia, jumla kilo 90, barabara ya lami tambarare, hakuna upepo. Akienda kilomita 15 kwa saa, hewa humla takriban wati 13 na matairi wati 18. Akienda kilomita 30 kwa saa, matairi yanakula kama wati 37, ila hewa sasa inakula wati 100 na ushei, maana mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu inayoliwa na hewa huongezeka mara nane. Tuseme ngao inapunguza sehemu moja ya kumi ya ukinzani huo. Yule wa kilomita 15 ameokoa wati moja, kiasi ambacho angekipata kwa kuongeza upepo kwenye matairi. Yule wa kilomita 30 ameokoa wati kumi, na kwa nguvu zilezile atakwenda karibu kilomita moja zaidi kwa saa. Katika safari ya kilomita 40 atawahi kwa dakika mbili na kitu. Kama huko aendako kuna mtu anayezihesabu dakika hizo, sawa.

Gamba zima ni habari nyingine kabisa. Likipunguza ukinzani wa hewa hadi robo, zile wati kama 140, za hewa na matairi pamoja, zilizompeleka mtu kilomita 30 kwa saa zitamfikisha kama kilomita 43, hata ukihesabu kilo 20 za uzito wa ziada. Hapo ndipo unapoona kwa nini wanaofukuzia rekodi hawahangaiki na vipande. Mwaka 1986 Mmarekani Fred Markham, ndani ya Gold Rush, chombo kilichobuniwa na Gardner Martin, alipita kilomita 105 kwa saa na kujinyakulia tuzo ya kampuni ya DuPont. Miaka thelathini baadaye, huko Battle Mountain, Nevada, Mkanada Todd Reichert alifikisha kilomita 144.17 kwa saa akiwa ndani ya Eta. Huyu ni mmoja wa wale waliorusha helikopta ya kukanyagwa kwa miguu mwaka 2013, kwa hiyo si mtu wa kujaribu mambo madogo. Eta haina hata dirisha la mbele. Mwendeshaji huitazama barabara kwenye skrini, kwa kamera. Kuanza safari lazima asukumwe na kusimama lazima adakwe, la sivyo anaanguka na chombo chake. Huwezi kwenda nacho sokoni.

Ubaya mkubwa wa gamba barabarani ni upepo wa ubavuni. Ngao iliyofungwa kwenye usukani hugeuka tanga: upepo ukipiga, usukani unageuka wenyewe. Gamba zima kwenye magurudumu mawili ni hatari zaidi, na ndiyo maana watengenezaji wengi wa Ulaya waliamua kuongeza gurudumu la tatu. Vyombo hivyo huitwa velomobili. Carl Georg Rasmussen wa Denmark alianza kuuza Leitra yake mapema miaka ya 1980, na huko Dronten, Uholanzi, Quest ilianza kutengenezwa mwaka 2000. Waholanzi hawakubahatisha. Nchi yao ni tambarare, njia za baiskeli zimenyooka, mvua haiishi na baridi inauma. Mtu anayekwenda kazini kilomita 30 kila asubuhi akiwa mkavu, nguo za ofisini mwilini na mkoba nyuma ya kiti, hahitaji kushawishiwa na mwandishi wa makala.

Mwambie mtu huyohuyo ahamie milimani. Kwenye mwinuko wa asilimia sita anapanda kwa kilomita sita au saba kwa saa, mwendo ambao hewa haina habari naye, lakini kila kilo anaihisi. Halafu kuna joto. Mwili unaotoa wati 140 kwenye pedeli hutoa pia zaidi ya wati 400 za joto, na upepo uleule unaoukimbia ndio uliokuwa ukikupoza. Kwa hiyo atakayeuliza kama gamba lingefaa Dar es Salaam au Mombasa, jibu ni hapana. Baiskeli zetu hubeba maji, mkaa na watu kwa mwendo wa kilomita 12 au 15 kwa saa, jua likiwa utosini, na kusi linapovuma kutoka ubavuni hakuna anayetamani tanga mbele ya usukani.

Haina maana kwamba wote walionunua ngao ya mbele wamepotea. Wengi wao, ukiwasikiliza vizuri, hawazungumzii kasi. Wanazungumzia vidole vya miguu visivyoganda Januari, na mvua isiyowapiga kifuani. Hiyo ni sababu halali, na naiona ya kweli kuliko madai ya kasi yanayoandikwa kwenye matangazo. Ila ulio mwavuli uitwe mwavuli, na ulipiwe bei ya mwavuli.

Anayeishi mahali tambarare penye baridi na anayesafiri mbali kila siku, anunue gamba zima, la magurudumu matatu, akijua kwamba bei yake ni maelfu ya euro na kwamba halipandi ngazi za ghorofa. Anayetaka kasi kidogo bila kubadili maisha yake, aanze na matairi mepesi, kisha sanduku la mkiani. Na anayeitamani ngao ya mbele aiazime kwanza kwa mwenzake, aijaribu siku ya upepo wa ubavuni kwenye barabara yenye malori, ndipo atoe fedha yake.