Kiti cha pweza ndani ya tangi la kioo: kwa nini anakufa polepole bila mwenyewe kujua

BUKAVU – Ziwa Kivu linalogonga ufuko wa Nyalukemba, katika komini ya Ibanda, lina sambaza, lina samaki wengine wa kila siku, lina hata gesi ya methane chini kabisa. Kitu kimoja halina: kiti cha pweza. Tanganyika pia hana, Viktoria hana, na hakuna mto wala ziwa la maji baridi duniani lenye mnyama huyo. Shuleni wengi wetu tulimjua kwa Kifaransa, étoile de mer, yule mwenye mikono mitano kama nyota. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki ndio wanaomwita kiti cha pweza.

Lakini picha zake zinafika kwenye simu zetu kila siku. Tangi la kioo, samaki wa manjano na buluu, matumbawe yanayoyumba na maji, na kiti cha pweza mwekundu amegandama kwenye kioo. Ndugu zetu walioko Brussels au Montréal wanaweza kuingia dukani na kumnunua. Kabla ya kutoa pesa, kuna jambo ambalo muuzaji mara nyingi halitaji: wengi wa wanyama hawa wanakufa kwa njaa ndani ya matangi, tena polepole sana, hivi kwamba mwenye tangi anaweza kukaa miezi akidhani mnyama wake ni mzima.

Tuanze na maji. Samaki ana figo na matamvua yanayomsaidia kusawazisha chumvi mwilini. Kiti cha pweza hana chombo cha namna hiyo. Juu ya mgongo wake kuna kijiwe kidogo chenye matundu kama kichujio, kinachounganisha bahari na mirija iliyo ndani ya mwili wake. Maji ya mirija hiyo ndiyo yanayosukuma mamia ya miguu midogo, laini, iliyo chini ya mikono. Kwa nguvu ya maji hayo anatembea, anapanda mwamba, anashika chakula. Chumvi ya nje ikibadilika, ya ndani nayo inabadilika. Lita moja ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Lita ya maji ya juu ya Kivu ina karibu gramu 1 tu. Mtu akimtupa ziwani, amemuua.

Kwa sababu hiyo, akifika nyumbani hatumbukizwi tangini mara moja. Anawekwa kwenye chombo pamoja na maji aliyokuja nayo, kisha maji ya tangi yanadondoshwa humo tone kwa tone kwa saa mbili, tatu au zaidi. Anahamishwa akiwa ndani ya maji, si mkononi. Wale watalii wanaomnyanyua kwenye fuko za Zanzibar maji yakipwa, ili tu wapige picha, wanamsumbua zaidi ya wanavyofikiri. Na samaki wa tangi hilo wakiugua, dawa yenye shaba isimwagwe humo hata kidogo. Inaponya samaki, lakini inaua kiti cha pweza, konokono na krevete. Samaki mgonjwa atolewe, atibiwe kwenye chombo cha pembeni.

Sasa chakula, na hapa ndipo penye kazi kweli.

Yule wa rangi nyeupe na nyekundu mwenye miiba minene mgongoni, ambaye wataalamu wanamwita Protoreaster lincki, anapatikana kwa wingi Kenya, Tanzania na Madagaska. Ni mzuri kweli kwa macho. Ila anakula karibu kila kitu kisichoweza kumkimbia: chaza, sifongo, matumbawe laini. Namna yake ya kula ni ya ajabu: anatoa tumbo lake nje kupitia mdomo ulio chini, analifunika juu ya chakula, anakiyeyusha palepale, kisha anarudisha tumbo ndani. Tumbawe lililofunikwa usiku linaamka asubuhi likiwa doa jeupe. Huyu anaweza kuishi na samaki watulivu katika tangi lisilo na matumbawe, akilishwa vipande vya nyama ya chaza au krevete. Kumweka pamoja na matumbawe ni sawa na kumfungia mbuzi ndani ya shamba la maharage.

Baharini kwenyewe jambo hili si mchezo. Kuna jamaa yake mwenye mikono mingi, wakati mwingine hata zaidi ya 15, aliyejaa miiba yenye sumu, anayekula matumbawe magumu. Katika hifadhi ya kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, ambayo ililindwa rasmi mwaka 1994, walinzi wamelazimika kumtoa kwa mkono, mmoja mmoja, ili kuokoa mwamba.

Wenye kufuga matumbawe basi wanakimbilia wale wasioyagusa: yule wa buluu aitwaye Linckia, na wadogo wekundu wa jamii ya Fromia. Ni kweli, hawa hawali matumbawe. Tatizo ni kwamba wanakula utando mwembamba wa vijidudu na mimea midogo unaoota juu ya mawe ya zamani, na tangi jipya halina utando huo. Hata tangi la zamani, likiwa dogo, mnyama anaumaliza kwa wiki chache. Baada ya hapo anaishi kwa kula mwili wake mwenyewe. Ncha za mikono zinaanza kunyauka, mwili unalegea, siku moja anasambaratika. Akiachwa humo, uozo wake unatoa amonia inayoweza kuua samaki wote usiku mmoja. Kwa maoni yangu Linckia asingeuzwa kabisa kwa mtu anayeanza. Fromia naye asubiri mpaka tangi litimize angalau mwaka, liwe na mawe mengi, na awe peke yake. Yule anayechimba mchanga pia ana hatari ileile: anasafisha mchanga vizuri, anamaliza viumbe vyote vilivyomo, kisha njaa inamshika.

Anayefaa zaidi si kiti cha pweza hasa bali binamu yake, mwenye kiwiliwili kidogo na mikono mirefu myembamba kama mikia ya nyoka. Anajificha chini ya mawe mchana, usiku anatoka kuokota mabaki ya chakula. Haumizi matumbawe. Mmoja tu aepukwe, yule mkubwa wa kijani, kwa sababu ananasa samaki wadogo waliolala.

Samaki nao wachaguliwe. Kikande na bunju wanang'ata mikono ya kiti cha pweza. Na kuna krevete mdogo mwenye madoa kama nguo ya sikukuu ambaye chakula chake ni viti vya pweza peke yake.

Je, haya yote yanawezekana Nyalukemba? Yanawezekana, lakini kwa gharama. Sisi tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari na baridi yetu inajulikana; matumbawe yanataka maji ya nyuzi 24 hadi 27, mchana na usiku. Umeme ukikatika, maji yanapoa na pampu inasimama, na hewa ndani ya maji inapungua. Pampu ya betri si anasa hapa. Chumvi ya jikoni haifai, maana haina kalsiamu na magnesi ya kutosha, na maji ya robine yanatakiwa kuchujwa kwanza. Matumbawe magumu yako chini ya mkataba wa CITES, ambao Kongo imo, hivyo hayavuki mpaka bila kibali.

Anayetaka tangi zuri kwa bei ya mtu wa kawaida ana hazina karibu zaidi. Mto Ruzizi, unaotoka Kivu hapa hapa Bukavu, unateremka hadi Tanganyika, ziwa ambalo samaki wake wenye rangi wanatafutwa na wafugaji wa Ulaya na Marekani. Hawahitaji chumvi ya bahari wala matumbawe, mawe yanawatosha.

Ila wakikuchosha, usiwamwage ziwani. Sambaza wenyewe waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na wavuvi wanaotoka na taa usiku wanaishi kwa hao. Mwaka 2006 samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus, ambaye pia hufugwa kwenye matangi, alionekana Kivu kwa mara ya kwanza. Anakula vijidudu vilevile vya majini ambavyo sambaza wanavitegemea, na hadi leo hakuna aliyeweza kumtoa.