Kitenzi cha Kiingereza «reoffer» na tafsiri yake

Kitenzi hiki kimeundwa kwa kiambishi awali «re-», chenye maana ya kurudia, na «offer», yaani kumwekea mtu jambo mbele yake ili alikubali au alikatae. Hapo ndipo mwanafunzi aliyezoea Kifaransa hupotea, kwa kuwa «offrir» mara nyingi ni kumpa mtu zawadi. Aliyeandikiwa kitenzi hicho kuhusu nafasi ya kazi hajaipata bado. Ameulizwa tena kama anaitaka. Tena, mlengwa aweza kuwa yule yule aliyekataa, ama mwingine: hati za mkopo zilizonunuliwa na benki kwa kampuni huwekwa hivyo mbele ya umma. Kiswahili hakina kiambishi awali kama hicho. Basi tuseme «kumpendekezea tena», na mlengwa atajwe daima.