Kwa nini kompyuta za kampuni hazisasishwi zote kwa mpigo

Pengine nawe umewahi kupata ujumbe huu kwenye simu: huduma ya kutuma na kupokea pesa haitapatikana kuanzia saa 6 usiku hadi saa 10 alfajiri kwa sababu ya matengenezo. Aliye na mgonjwa ndani usiku huo, anayesubiri kutumiwa nauli ya kwenda hospitali, hana haja ya kujua matengenezo ni nini. Anataka pesa zifike. Lakini namna kazi hiyo ya usiku inavyopangwa ndiyo inayoamua kama huduma itarudi alfajiri au la.

Kampuni ya simu, benki au shirika la ndege haitumii kompyuta moja. Ina mamia, pengine maelfu ya kompyuta ziitwazo seva, ambazo hutunza taarifa na kujibu kila ombi linalotoka kwenye simu yako. Hakuna fundi awezaye kuzizungukia zote. Ndiyo maana ndani ya kila seva huwekwa programu ndogo iitwayo wakala. Mfikirie wakala wa pesa pale sokoni kwenu: makao makuu yako mbali, yeye ndiye mkono wao kijijini. Wakala wa kwenye seva naye huangalia kama mashine ni nzima, huzuia virusi, hupeleka taarifa makao makuu na kupokea maagizo. Naye huhitaji kusasishwa, maana wezi wa mtandaoni hubuni mbinu mpya kila siku.

Yaliyotokea Ijumaa, tarehe 19 Julai 2024, yanaonyesha ugumu ulipo. Kampuni ya Marekani iitwayo CrowdStrike hutengeneza wakala wa ulinzi anayetumiwa na mashirika makubwa duniani. Saa 1 na dakika 9 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, ilituma faili dogo la maelezo mapya kwa kompyuta za Windows zenye wakala huyo. Faili lilikuwa na kasoro: lilimtaka wakala asome taarifa ya 21 wakati alikuwa amepewa 20 tu. Kwa kuwa wakala huyo hufanya kazi katika kiini cha mfumo wa kompyuta, alipoanguka aliiangusha mashine nzima. Kioo kikawa cha buluu, mashine ikajizima na kujiwasha, kisha ikaanguka tena.

Kampuni iliondoa faili hilo baada ya dakika 78. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimekwisha kuathirika. Shirika la ndege la Delta la Marekani peke yake lilifuta safari zipatazo 7,000 katika siku zilizofuata. Dawa yenyewe ilikuwa rahisi, kufuta faili moja tu, lakini mashine isiyoweza kuwaka haiwezi kupokea dawa kupitia mtandao. Mafundi walilazimika kuziendea nyingi moja moja, kwa mikono.

Jambo la kusikitisha ni kwamba wateja wengi walikuwa waangalifu. Walikuwa wameagiza wakala wao abaki toleo moja au mawili nyuma, ili wengine watangulie kujaribu. Agizo hilo lilihusu programu yenyewe tu. Mafaili ya maelezo yalipita mlango mwingine, yakawafikia wote kwa wakati mmoja. Baadaye kampuni ilisema mafaili hayo nayo yatatumwa kwa awamu.

Awamu ndiyo siri ya kazi hii, na mkulima anaifahamu. Mbegu ngeni haipandwi shamba zima msimu wa kwanza. Hujaribiwa pembeni kwanza. Mwenye seva 500, kwa mfano, huanza na tano zisizogusa wateja. Akiona ziko salama baada ya siku moja, anaingia kwenye 50, kisha zilizobaki kwa mafungu, usiku wakati watumiaji ni wachache. Seva mbili zinazosaidiana haziguswi pamoja, ili moja ikianguka nyingine ishike kazi. Hata dakika hupangwa: mawakala wote wakiomba toleo jipya saa 8 kamili usiku, mtandao utazidiwa, kwa hiyo kila mmoja hupewa dakika yake. Na lazima kuwe na breki. Mashine kadhaa za fungu moja zikishindwa, zoezi lote lisimame lenyewe bila kumngoja mtu aamke.

Je, si afadhali kuacha kabisa kusasisha? La. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu kwenye Windows. Wengi walichelewa kukiweka. Tarehe 12 Mei virusi vya WannaCry vikapitia tundu hilohilo, vikafunga mafaili katika nchi nyingi, na hospitali kadhaa za Uingereza zikalazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Kwa hiyo fundi yuko kati ya moto na maji: akiharakisha anaweza kuangusha kila kitu, akichelewa anamwachia mwizi mlango wazi.

Hata simu yako iko kwenye foleni za namna hii. Jirani akipata sura mpya ya programu fulani wiki moja kabla yako, si lazima simu yako iwe mbovu. Huenda yeye yumo kwenye fungu la kwanza la wanaojaribiwa.