Barabara Anaiona, Dashibodi Haioni

Tulikuwa tumeshaipita Chalinze na giza linaingia, taa ndogo ikawaka kwenye dashibodi. Mjomba, mwenye miaka 54, alirudisha kichwa nyuma hadi kikagusa kiti, akakunja uso, kisha akaniuliza: "Hebu nisaidie mjomba, hiyo ni ya oili au ya maji?" Ilikuwa ya oili. Tukasimama pembeni. Lakini dakika chache nyuma, mtu huyohuyo alikuwa amesoma kibao cha kijiji kabla mimi sijakiona.

Macho yake ya mbali ni mazima, na ukimpa gazeti na miwani ya kusomea analimaliza. Panapomshinda ni katikati, na hapo katikati ndipo gari linapoweka taarifa zake zote.

Nyuma ya mboni ya jicho ipo lenzi laini inayobadilika umbo. Ukitazama mbali, inakuwa bapa. Ukitazama karibu, msuli unaoizunguka hujikaza na lenzi ikatuna, ili picha ikae sawasawa kwenye retina. Tatizo ni kwamba lenzi huongeza tabaka mpya maisha yote bila kumwaga za zamani, kwa hiyo kadiri miaka inavyokwenda inakuwa ngumu. Mtoto wa miaka 10 husoma kitu kilicho chini ya sentimeta 10 kutoka usoni. Mtu wa miaka 40 anahitaji yapata sentimeta 20, na anapoingia miaka ya hamsini, nusu mita au zaidi. Wataalamu huiita hali hiyo presbiopia. Humfikia kila anayejaliwa umri: utafiti uliofanyika vijijini Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006, uliikuta kwa takriban watu 6 kati ya kila 10 wenye miaka 40 na zaidi.

Sasa chukua futi ya fundi upime kutoka jichoni hadi kwenye mita ya spidi. Katika magari mengi madogo utapata kama sentimeta 70 au 80. Miwani ya kusomea ya +2.50, ile inayouzwa hata kwenye vituo vya daladala, huonyesha vizuri kitu kilicho kama sentimeta 40. Dereva akiivaa, dashibodi inabaki na ukungu, na barabara nayo inaharibika. Akiivua, barabara inarudi, dashibodi inapotea. Ndiyo maana wengi huendesha wakikisia.

Kukisia kunakula muda. Kwa spidi ya kilomita 80 kwa saa, gari hutembea mita 44 katika sekunde 2. Mwongozo uliotolewa na mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, mwaka 2013, unawataka watengenezaji wa magari wapange vifaa vyao ili dereva asihitaji kuondoa macho barabarani zaidi ya sekunde 2 kwa mara moja. Kijana hutupa jicho, akasoma, akarudi. Mwenye miaka 55 hutazama, akasubiri herufi zikae, akatazama tena.

Usiku huongeza mzigo. Mboni ya mtu mzima haifunguki gizani kama ya kijana, na lenzi yake imeanza kuwa ya manjano. Kwa pamoja, mambo hayo mawili huifanya retina ya mtu wa miaka 60 ipokee takriban theluthi moja tu ya mwanga unaoifikia retina ya kijana wa miaka 20. Umanjano huo huchuja zaidi rangi ya buluu, kwa hiyo maandishi ya buluu kwenye skrini nyeusi, yanayopendeza sana dukani, ndiyo ya kwanza kumpotea mzee. Lenzi iliyochakaa pia hutawanya mwanga. Lori likija na taa kubwa, dereva huona pazia jeupe, na baada ya lori kupita, macho yake huchelewa kulizoea giza tena.

Hata umbo la herufi lina uzito wake. Watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani waliwapa madereva wa miaka 36 hadi 75 skrini zenye aina mbili za maandishi. Moja ilikuwa na herufi za pembepembe zinazofanana, nyingine herufi zilizo wazi, zenye nafasi kati yake. Kwa wanaume, herufi zilizo wazi zilipunguza muda wa kutazama skrini kwa asilimia 10 hivi.

Kwetu, magari mengi yalikwishatumika Japani, na skrini za redio zake mara nyingi bado zinaandika Kijapani. Dereva hasomi, anakumbuka kitufe kilipo. Vidole vilikuwa vinayasaidia macho bila sisi kujua. Magari mapya yanavyohamishia vitufe kwenye skrini bapa, msaada huo unaondoka. Kinachorudisha nafuu ni vifaa vinavyoakisi spidi kwenye kioo cha mbele: taswira yake huonekana kama iko mita 2 au zaidi mbele ya dereva, umbali ambao jicho lenye umri bado linaumudu.

Wasio na gari la namna hiyo waanzie kwa mtaalamu wa macho. Kibao cha herufi alichobuni Mholanzi Herman Snellen mwaka 1862, ambacho bado kinaning'inia kwenye vyumba vya vipimo, hupima macho ya mbali. Ukisoma mstari wa chini hujathibitisha kwamba mita ya spidi unaiona. Mwambie kuwa wewe ni dereva, umtajie na umbali uliopima kwa futi. Ipo miwani yenye nguvu zinazobadilika taratibu, juu kwa barabara, katikati kwa dashibodi, chini kwa karatasi. Inahitaji siku kadhaa za kuizoea, na siku hizo zisiwe za safari ndefu.

Vipimo hivyo hufichua na makubwa zaidi. Presha ya macho hula pembe za uoni bila maumivu, na watu wenye asili ya Afrika wako kwenye hatari kubwa zaidi. Mtoto wa jicho hufanya taa za usiku ziwe na duara la mng'ao, lakini huondolewa kwa upasuaji. Utafiti wa Alabama, Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kuwa madereva waliofanyiwa upasuaji huo walipata ajali nusu ya wale ambao hawakufanyiwa.

Yaliyobaki ni ya bure: futa kioo cha mbele ndani na nje, ongeza mwanga wa dashibodi lakini usiuache ukuwakie usoni, na usivae miwani ya giza usiku.

Mjomba alikwenda kupima akiwa na futi mfukoni. Mtaalamu alicheka, kisha akaandika: sentimeta 74.