Vita Si Majaliwa

Wapo watu wasemao kwamba vita ni kama mvua ya masika: wakati wake ukifika huja, na mwanadamu hana la kufanya ila kutafuta mahali pa kujisitiri. Maneno hayo huwafaa sana wale wanaonufaika na vita. Mwanachuoni mmoja wa Marekani, Profesa Quincy Wright, alitumia maisha yake kuyachungua, na yafaa kila mfanyakazi ajue alichokiona.

Wright alizaliwa mwaka 1890 katika jimbo la Massachusetts, akapata shahada ya udaktari mwaka 1915, wakati Ulaya ikiwaka moto wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1923 alijiunga na Chuo Kikuu cha Chicago, na tangu 1931 hadi 1956 alikuwa huko profesa wa sheria za mataifa.

Moja ya kazi zake za mwanzo inatugusa sisi wenyewe. Baada ya vita ile, Wajerumani walinyang'anywa makoloni yao, nayo yakakabidhiwa kwa washindi kwa jina la amana, chini ya Shirikisho la Mataifa. Tanganyika ikapewa Waingereza, Ruanda-Urundi ikapewa Wabelgiji. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1930 juu ya nchi hizo, Wright alichungua swali gumu: mwenye nchi ni nani hasa? Akaonyesha kwamba dola iliyokabidhiwa haikuwa na haki za mwenye mali. Ilitawala kwa niaba tu, na kila mwaka ilipaswa kutoa hesabu ya utawala wake huko Geneva.

Huenda mtu akaona hayo ni mabishano ya watu wa vitabu. Sivyo. Atakiwaye kutoa hesabu hawezi kusema kwamba shamba ni lake. Mwaka 1946 Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Machi 1955 Mwalimu Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini huko New York akaeleza madai ya wananchi. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Hatusemi kwamba kitabu cha profesa ndicho kilicholeta uhuru; wananchi wenyewe waliuleta. Lakini mlango ule mwembamba wa sheria walipata kuupitia, nao ulifaa.

Kazi yake kubwa zaidi ilianza Chicago mwaka 1926, akisaidiana na wataalamu wa elimu mbalimbali. Ilitolewa mwaka 1942, nchi yake ikiwa tayari vitani, kwa jina la A Study of War, yaani Uchunguzi wa Vita: vitabu viwili vyenye kurasa zaidi ya 1,500. Humo alihesabu vita 278 tangu mwaka 1480 hadi zama zake mwenyewe.

Hesabu hiyo ilimfunza nini? Kwamba vita haina chanzo kimoja. Yako mambo manne yapasayo kwenda sawa: ufundi na silaha, sheria, utaratibu wa jamii, na mawazo yaliyomo mioyoni mwa watu. Moja likikimbia na mengine yakabaki nyuma, amani huvunjika. Meli, ndege na simu zimeyasogeza mataifa karibu karibu, lakini sheria na kuaminiana vimekwenda kwa mwendo wa kobe. Na jirani aliyesogezwa mlangoni pako pasipo sheria wala imani aweza kuwa hatari kuliko mtu wa mbali. Ndiyo sababu umoja wa mataifa mbalimbali hauji wenyewe kwa kuongeza barabara na biashara. Hapana budi ujengwe kwa makusudi, na ulindwe.

Lakini ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Mwaka 1945 Wright alikuwa mshauri wa upande wa waamuzi wa Kimarekani katika kesi ya Nuremberg, ambako viongozi wa Kinazi walihukumiwa kwa kosa la kuanzisha vita, pamoja na makosa mengine. Je, kipimo kile kilikuwa cha walioshindwa peke yao? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu! Wright hakuukubali mtindo huo. Serikali yake ilipozuia meli zilizokwenda Cuba mwaka 1962, aliandika kwamba tendo lile haliwezi kuitwa kujilinda. Mwaka 1966, akiwa mzee wa miaka 75, alichambua vita ya Vietnam akasema kwamba mabomu yaliyoangushwa Kaskazini hayakuwa na haki katika sheria.

Mabomu hayakukoma kwa sababu hiyo. Wright alifariki mwaka 1970, na vita ile ikaendelea hadi 1975. Sheria pekee haizuii mkono wa mwenye nguvu, naye hakupata kudai kwamba inaweza. Lakini inamnyima kisingizio, na mnyonge anapata neno la kusimamia.

Basi mtu akija kutuhubiria vita, nasi tumwulize: nani anayefaidika? Sheria gani inayokuruhusu? Na je, ungekubali jirani yako akutendee hivyo hivyo? Akishindwa kujibu, tusimpe watoto wetu.