Mbwa anakunywa maji bila kushiba: namna ya kumtunza nyumbani

Mbwa wa nyumbani ameanza kukonda. Chakula anakula, lakini mbavu zinaonekana. Bakuli la maji linakauka kabla ya saa sita, na usiku anakojoa hata pale anapolala, yeye ambaye zamani alijizuia mpaka mlango ufunguliwe. Katika mitaa mingi ya Bunia, mbwa wa namna hii hana bahati. Mmoja anasema amelogwa, mwengine anasema ni minyoo tu, wa tatu anaondoa bakuli la maji ili mbwa aache kukojoa ndani ya nyumba. Huyo wa tatu ndiye anayemwua haraka.

Tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu kwetu mbwa si pambo. Ndiye mlinzi wa lupango usiku, na familia nyingi haziwezi kupata mwengine wa namna yake. Tena, ugonjwa wa kunywa sana na kukojoa sana haumaanishi kwamba mbwa amekwisha. Kuna mbwa wanaoishi nao miaka. Na cha kushangaza ni kwamba ugonjwa mmoja wa aina hiyo umejulikana duniani hasa kwa mbwa ambao asili yao ni misitu ya Kongo.

Wakaaji wa upande wa Mambasa wanamjua yule mbwa mdogo, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo. Habweki kama wengine, na wawindaji humfunga njuga ya mti shingoni ili wajue yuko wapi porini. Mbwa hao walipelekwa Uingereza, na kufikia 1937 walikuwa wanaonyeshwa kule mbele ya watu. Waliitwa basenji, jina la ukoo mmoja na neno letu “washenzi”. Si jina zuri, lakini ndilo lilibaki.

Waliopelekwa walikuwa wachache, na waliozaliwa kule walitoka katika damu ileile. Damu ikizunguka mahali pamoja, magonjwa yaliyojificha yanatokea. Mwaka 1976 waganga wa wanyama wa Marekani waliandika habari za basenji watatu waliokuwa na sukari kwenye mkojo, lakini si sukari nyingi kwenye damu. Ugonjwa huo unaitwa Fanconi, kwa jina la Guido Fanconi, mganga wa watoto wa Uswisi, maana hata binadamu wanaupata. Mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walirudi kaskazini-mashariki ya Zaire kutafuta mbwa wapya wa kuongeza damu ile. Tangu 2011 kuna kipimo kinachoonyesha wazi mbwa gani amebeba ugonjwa huo, ili asizalishwe ovyo.

Ni ugonjwa wa figo. Figo nzima inachuja damu, halafu inaokota tena vitu vizuri vilivyopita na maji: sukari, chumvi za mwili, vijenzi vya nyama. Figo yenye Fanconi haiokoti. Ni kama mama anayepepeta mchele halafu anamwaga mchele pamoja na pumba. Mbwa anakula lakini chakula kinatoka na mkojo, na damu yake inageuka kuwa na asidi. Mara nyingi unaanza mbwa akiwa na miaka 4 mpaka 8.

Zamani waliona ni kifo tu. Mmarekani Steve Gonto ndiye aliyepanga namna ya kuutunza nyumbani: kupima mkojo kila mwezi, vidonge vya bikarbonate kwa ajili ya asidi, vitamini, maji wakati wote, na damu kupimwa mara kwa mara. Utafiti uliotoka 2004 ulionyesha kwamba nusu ya mbwa waliofuatiliwa waliishi zaidi ya miaka 5 baada ya ugonjwa kujulikana. Walikaa kwa wenyewe, si hospitalini.

Je, mbwa wako wa Nyakasanza ana Fanconi? Labda sivyo. Mbwa wa muji wamechanganyika. Lakini figo inaharibika kwa milango mingine, na hiyo tunayo hapa. Kuna leptospirosi, inayotoka kwenye mkojo wa panya. Kuna gentamisini anayodungwa mbwa bila kipimo. Kuna tetrasikilini iliyoharibika: katika miaka ya 1960 waganga waligundua kwamba watu waliomeza tetrasikilini iliyopita muda walipata Fanconi ileile. Sasa fikiria zile kapsuli zinazokaa juani sokoni. Ibuprofeni na diklofenaki nazo zinaumiza figo za mbwa, usimpe hata kama anachechemea. Na kwa mwenye paka, kidonge kimoja cha parasetamoli kinatosha kumwua.

Kabla ya yote, hakikisha si kichaa cha mbwa. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anatoa mate mengi, anashindwa kumeza, au miguu inalegea, usimwekee mkono mdomoni. Akikuuma au akikukwaruza, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa mtu, hakuna dawa ya kukiponya.

Kama si hivyo, anza na maji. Pima unachoweka asubuhi na kinachobaki kesho yake. Mbwa wa kilo 10 akipita lita 1 kwa siku, hiyo si kiu ya jua. Halafu kinga mkojo wa asubuhi kwenye kopo safi. Ile bandeleti wanayopimia mkojo wa wamama wenye mimba inafanya kazi kwa mbwa pia, na famasi nyingi wanaiuza. (Wazee walikuwa na bandeleti yao: walitazama kama sisimizi wanakusanyika penye mkojo.) Ikionyesha sukari, sukari ya damu ipimwe siku hiyo. Ikiwa juu, ni ugonjwa wa sukari wa kawaida, na hapo tuseme ukweli: unahitaji insulini kila siku, pesa, na mahali pa baridi pa kuiweka. Familia ikae na kuzungumza. Ikiwa damu iko sawa, tatizo ni figo, na hapo kuna kazi ya kufanya.

Bikarbonate ni ile poda nyeupe ambayo wamama wengine wanaweka kwenye maharage ili yaive upesi. Kwa sababu ni rahisi, watu watajaribu kumpa mbwa kwa kijiko. Hapana. Kiasi chake kinafuata damu ya mbwa mwenyewe, na ikizidi inamdhuru. Veterineri ndiye apange. Vivyo hivyo chakula. Mbwa wa Fanconi anapoteza nyama ya mwili, kwa hiyo anahitaji samaki na mayai pamoja na bugali. Lakini yule ambaye figo zimekwisha kuchoka kabisa, nyama nyingi inamzidishia sumu mwilini. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Makayabo usimpe bila kuuliza. Veterineri wengi kwetu wamezoea ng'ombe na mbuzi, lakini figo ni figo. Mpelekee daftari lako la maji na majibu ya bandeleti, utamrahisishia kazi.

Mengine ni ya nyumbani tu. Maji safi yawepo mchana na usiku, bakuli mbili kama unatoka kwenda shamba. Mlaze karibu na mlango, juu ya gunia linaloweza kufuliwa, na mfungulie usiku hata kama inachosha. Wekea mtoto mmoja mkubwa kazi ya kujaza maji, si watoto wote, maana kazi ya wote haifanywi na mtu. Watoto wadogo wasichezee penye mkojo. Ukisafisha, vaa mfuko wa plastiki mikononi na uoshe kwa sabuni, kwa sababu leptospirosi inahamia kwa watu.

Akitapika, akikataa chakula siku nzima, au akipumua kwa nguvu akiwa amelala, usingoje soko la kesho, mwite veterineri. Na kama itafika siku ambapo hawezi tena kusimama, uliza bei ya sindano ya kumlaza bila maumivu kabla siku hiyo haijafika, ili mbwa aliyelinda nyumba miaka asiishie kwa fimbo au kutupwa ng'ambo ya Shari.