Mwasumini Hutaka Mkasi

Marehemu mama aliniachia mwasumini ukutani pa uani, nami nikaona kuukata ni kumvunjia heshima. Nikauacha. Ukapanda paani, ukaziba mlizamu. Masika yakaingiza maji ukutani, chokaa ikabambuka. Maua nayo yakapungua, hata kikuba cha Ijumaa mke wangu akawa hununua sokoni.

Mama mdogo alipokuja kututazama akacheka: "Mwanangu, mamako mkasi haukumtoka mkononi!"

Sababu yake, ndugu msomaji, ni hii: mwasumini huchanua kwenye machipukizi mapya, matawi makongwe hutoa maua machache. Basi nalingoja maua yaishe, nikaondoa matawi makavu, nikakata theluthi ya yaliyosalia, kila moja juu kidogo ya kifundo cha jani. Yaliyobaki nikayafunga kwenye chanja cha fito, mbali na ukuta. Shinani nikatia samadi iliyooza na maji.

Baada ya wiki kadhaa, alhamdulillahi, matumba meupe yakajaa. Magharibi ikikaribia, kabla hayajafunguka, huyachuma kama alivyoyachuma mama. Mkasi ninaotumia ni wake. Nalikuta sandukuni, umepakwa mafuta.